Jiki Iliyodhoofika Ghalani: Kisa cha Muuzaji wa Jumla wa Chake Chake

Muuzaji wa jumla mmoja wa Chake Chake alinunua shehena kubwa ya jiki mwezi wa Disemba, na ilipofika Aprili wateja wake wakawa hawataki kuilipia. Yeye aliamini kuwa ana tatizo la madeni. Mimi huwasaidia wafanyabiashara wa huku kupanga hesabu zao, na nilipolipitia daftari lake nikaamini vingine. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu yaliyomkuta hayakuanzia kwake. Yamo katika namna tunavyosafirisha, tunavyohifadhi na tunavyozipangia bei dawa za usafi Pemba nzima.

Biashara yake ni ya kawaida kwa mji ule. Anauza sabuni ya unga kwa katoni, sabuni ya mche, sabuni ya maji kwa dumu, dawa ya choo, mifagio na brashi. Wateja wake ni wenye maduka kuanzia Mtambile hadi Micheweni, nyumba chache za wageni, skuli, madobi, na kituo kimoja cha afya kinachonunua kwake pale mgao wake unapochelewa. Jiki huichukua kwa msambazaji wa Unguja katika madumu ya lita 20. Si mali ya kampuni kubwa. Dumu lina karatasi ndogo iliyoandikwa klorini asilimia 3.5, basi. Wenye maduka humimina katika chupa na kuuza rejareja. Majina ya wahusika siyataji, ndivyo tulivyokubaliana.

Daftari lilivyosema

Pemba biashara ya jumla haiendi bila mali kauli. Mwenye duka wa Konde anachukua mzigo leo, analipa nusu au halipi kitu, na bakaa anaileta siku anayorudi kuchukua mwengine. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri madeni hulipika upesi, maana fedha ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, humfikia mkulima, mkulima humlipa mwenye duka, na mwenye duka humlipa mwenye ghala. Msimu ukiwa mbaya kila mmoja humsubiri mwenzake. Kwa hiyo mwenye ghala alipoona bakaa inakua, alijieleza kama wanavyojieleza wote wa sokoni: karafuu hazikuzaa, watu hawana kitu mkononi.

Maelezo hayo yangenitosha lau daftari lisingekuwa limepangwa kwa bidhaa. Bahati nzuri kijana wake wa dukani ana mwandiko safi na mpangilio mzuri, kila bidhaa na safu yake. Wateja walewale waliokuwa hawalipi jiki walikuwa wamemaliza deni la sabuni ya unga. Duka moja la Wete halikuwa likidaiwa hata shilingi ya sabuni ya mche wala ya dawa ya choo, na jiki yote iliyochukuliwa tangu Februari ilikuwa haijalipwa. Mtu aliyeishiwa fedha hachagui hivyo. Aliyeishiwa hudaiwa kila kitu. Hawa walikuwa wanaikataa bidhaa moja, na kwa adabu hawakutaka kumwambia mtu mzima usoni kwamba mali yake ni mbovu. Walimwambia, "Ami, tuvumilie kidogo," naye akasikia ufukara mahali palipokuwa na lawama.

Nasisitiza jambo hili kwa kila mwenye ghala anayesoma: daftari la madeni linaloandika jumla ya fedha peke yake linakuficha nusu ya habari. Andika deni kwa bidhaa. Bidhaa iliyoharibika hujionyesha kwenye safu yake muda mrefu kabla mtu hajafungua mdomo.

Aliyefungua mdomo alikuwa dobi. Huyu hufua kanzu za Ijumaa na mashuka ya nyumba mbili za wageni, na hupima jiki kwa kikombe kilekile kila siku, kwa beseni lilelile. Alisema zamani kikombe kimoja kilikuwa kinatosha, sasa anatia viwili na kola za kanzu bado zinatoka na umanjano. Mwenye ghala alidhani ni maji ya siku za mvua. Dobi akamjibu kwamba maji ni ya tangi lilelile na sabuni ni ileile. Kilichobadilika ni kimoja tu. Mimi ningekuwa muuzaji wa jumla ningempitia dobi kila mwezi kabla ya kwenda kwa mteja mwengine yeyote, kwa kuwa hakuna mtu mjini anayeitumia bidhaa ile kwa kipimo thabiti kuliko yeye. Mwenye nyumba hukisia. Dobi hapimi kwa makisio, maana jiki ikizidi inamchania nguo ya mtu.

Kuipima

Tulihitaji namba, na namba haikuwa ngumu kupatikana. Hoteli za pwani ya Unguja zina karatasi za kupimia klorini ya mabwawa ya kuogelea, na mtu wa Paje akatuletea kopo moja. Karatasi hizo haziwezi kusoma jiki moja kwa moja. Zinasoma miligramu chache kwa lita, ilhali jiki ya asilimia 3.5 ina miligramu 35,000 kwa lita. Njia ni kuizimua mara elfu kumi. Unachukua bomba jipya la sindano bila ya sindano yenyewe, unavuta mililita 1 ya jiki, unaitia katika lita 10 za maji ya kunywa ya chupa, unakoroga, kisha unachovya karatasi. Jiki ikiwa ya asilimia 3.5, karatasi itasoma karibu na 3.5. Ikisoma 2, jiki yako ni ya asilimia 2. Namba hujitokeza ileile, hata aliyeacha skuli mapema anaweza kuifanya kazi hii. Maji ya kisima usiyatumie, maana uchafu na chuma vilivyomo hula klorini kabla hujasoma. Na ya bomba yanaweza kuwa na klorini yake.

Karatasi husomwa kwa rangi, hivyo haina usahihi wa maabara. Kwa ugomvi wa sokoni inatosha kabisa. Madumu yaliyopangwa juu, karibu na bati, yalisoma kiasi cha 2. Ya chini, yaliyokaa kwenye sakafu ya saruji, yalikuwa na nafuu kidogo. Chupa moja tuliyoinunua dukani, chupa angavu iliyokuwa ikikaa barazani kwenye jua kuvutia wateja, haikufika hata 1. Ilikuwa bado inanuka jiki. Watu wetu huinusa kabla ya kuinunua, na pua haisomi nguvu. Kidogo tu kilichobaki kinatosha kutoa harufu.

Sasa tazama maana yake kwa anayeitumia. Kwa sakafu na vifaa vilivyochafuliwa na mgonjwa wa kipindupindu, maji ya klorini yanayotakiwa ni ya asilimia 0.5. Kanuni ya kuchanganya ni fupi: gawa nguvu ya jiki kwa nguvu unayoitaka, toa moja, jibu ndiyo sehemu za maji. 3.5 kwa 0.5 ni 7, ukitoa 1 zinabaki 6. Jiki sehemu moja, maji sehemu sita. Mhudumu wa kituo cha afya anaijua hesabu hiyo kichwani. Lakini jiki ikiwa imeshuka hadi 2, mchanganyiko uleule wa moja kwa sita unampa asilimia 0.29, na hakuna kitu chochote kwenye ndoo kinachomwambia kwamba amepungukiwa. Ili apate 0.5 ya kweli inabidi atie maji sehemu tatu tu.

Lita moja iliyokuwa ikitoa lita saba za dawa inatoa nne. Bei ya dumu ni ileile, ila bei ya dawa iliyo tayari kutumika imepanda kwa asilimia 75. Wenye maduka hawakuifanya hesabu hii kwa kalamu. Waliiona kwa wanunuzi ambao hawakurudi.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna wanaosema kwamba haya ni mambo ya kola za kanzu. Kipindupindu kilizuka Zanzibar 1978, na mlipuko wa 2015 na 2016 hakuna sheha aliyeusahau. Huja na mvua. Masika ndiyo miezi ambayo kituo cha afya kinaweza kuja ghalani kununua jiki kwa dharura, na mtu akiinunua kwa kazi hiyo hana wasaa wa kwenda kumuuliza dobi. Anauamini mwandiko wa kwenye dumu.

Kwa nini jiki hufa

Sabuni ya unga ikilala ghalani miezi sita mahali pakavu, inaamka vilevile. Jiki haikubali. Ndani yake mna sodiamu haipokloraiti, na kitu hicho hujivunja chenyewe taratibu hadi kikabaki chumvi na kloreti, ambavyo having'arishi nguo wala haviui vijidudu. Joto huiharakisha: ukiongeza nyuzi 10 za joto, kasi ya kuharibika huongezeka mara tatu au zaidi. Mwanga wa jua nao huivunja, ndiyo maana viwanda hutumia plastiki isiyopitisha mwanga. Chembe za chuma, shaba au nikeli huifanya itoe gesi ya oksijeni, na ndipo unapoliona dumu limevimba tumbo. Na kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyokufa haraka. Ya asilimia 12 ya viwandani hupoteza nguvu upesi kuliko ya 3.5.

Yote hayo mwenye ghala aliyapata kwa pamoja bila kujua. Alinunua Disemba, kaskazi inapoingia. Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali visiwani, na ghala lake ni la bati bila dari, na madirisha mawili yaliyofungwa kwa kuogopa wezi. Alitarajia mauzo makubwa ya kabla ya Ramadhani, watu wanapofua mapazia, mazulia na kanzu za sikukuu. Mauzo yalikuja kweli, lakini hayakuumaliza mzigo. Bakaa ikasubiri masika. Jiki yake ilikuwa dhaifu kupita wakati wowote katika miezi ileile ambayo kisiwa kilikuwa kinaihitaji kwa nguvu zake zote.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha kisa. Alikuwa na kalenda ya bahari, kalenda ya karafuu na kalenda ya Ramadhani, na zote tatu zilimshauri anunue kwa wingi mwisho wa mwaka. Kalenda ya dawa yenyewe hakuna aliyempa.

Kwa nini alinunua nyingi

Si haki kumwita mzembe. Msambazaji wa Unguja hutoa punguzo kwa anayechukua mzigo mkubwa, na bahari ya Disemba ni tulivu kuliko ya kusi. Nauli nayo ina nguvu zake katika biashara hii. Dumu la jiki ya asilimia 3.5 zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake ni maji. Maji hayo yanalipiwa ya makuli bandarini Malindi, yanalipiwa nauli ya meli hadi Mkoani, yanalipiwa makuli tena, kisha roli kutoka Mkoani hadi Chake, kiasi cha kilomita 30, kabla hayajaanza safari ya Micheweni. Katoni ya sabuni ya unga yenye uzito huohuo ina thamani kubwa mno kupita dumu. Ndiyo maana mwenye ghala yeyote mwenye akili hutaka kuileta jiki kwa mkupuo mmoja, safari chache, mzigo mwingi.

Ila punguzo lile lilipaswa kupimwa dhidi ya kitu. Hata lau lingekuwa asilimia 10, na hilo ni punguzo zuri, jiki iliyotoka 3.5 hadi 2 imepoteza asilimia 43 ya klorini yake. Amepewa kumi, amepoteza arubaini na tatu. Katika sabuni ya unga ningemshauri achukue punguzo bila kusita. Katika jiki punguzo la wingi ni la kuliogopa, na swali la kwanza la kumuuliza msambazaji si bei, ni tarehe: imetengenezwa lini? Karatasi ya kwenye dumu haikuwa na tarehe. Hatukuweza kujua kama madumu yalifika Pemba yakiwa na wiki moja au na miezi mitatu.

Ghalani

Tulipokuwa tunapima tuliona jambo lililonitisha kuliko hasara yote. Madumu ya jiki yalikuwa yamepangwa matatu matatu kwenda juu, ya chini yamebonyea, na moja lilikuwa linavuja kwenye mfuniko. Majimaji yake yalikuwa yametambaa sakafuni hadi chini ya katoni za dawa ya choo. Dawa ya choo ile ni asidi ya haidrokloriki. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, gesi yenye kuunguza macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa madirisha inaweza kuua. Katoni zilikuwa zimelowa upande mmoja, chupa za ndani zilikuwa bado nzima. Ingevuja chupa moja tu ya dawa ya choo, kijana mwenye mwandiko mzuri angefungua mlango asubuhi akakutana na gesi.

Vitu hivyo viwili haviwekwi ukuta mmoja. Haviwekwi rafu moja dukani, havipakiwi roli moja bila kitu cha kuvitenga, na mwenye nyumba hatakiwi kuvimimina choo kimoja kwa wakati mmoja akidhani anaongeza nguvu. Hivyo hivyo jiki na dawa zenye amonia. Naamini muuzaji wa jumla anao wajibu wa kulisema hili kwa kila mteja anayechukua vyote viwili, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo anayeviona vyote vimekaa pamoja.

Na kuna zile chupa. Wenye maduka humimina jiki katika chupa tupu za maji ya kunywa, kwa kuwa zipo tele na hazina gharama. Chupa hizo ni angavu, kwa hiyo zinaiua dawa mapema. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtoto aliyetoka kucheza juani anaiona chupa ya maji, anafungua, anakunywa. Dawa ya namna hii huunguza koo na tumbo. Mtoto akinywa asitapishwe, maana ikirudi inaunguza mara ya pili. Asuuzwe kinywa na akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa. Sioni sababu ya kuivumilia tabia hii hata siku moja zaidi. Chupa nyeupe nzito zenye mfuniko mgumu zinauzwa Darajani na Mwanakwerekwe huko Unguja, na gharama yake ukiigawa kwa chupa zinazorudishwa na kujazwa tena ni ndogo sana.

Nani abebe hasara

Mwenye ghala alitaka msambazaji abebe. Msambazaji alisema mali ilitoka kwake ikiwa nzima, na hakuna wa kuthibitisha vingine kwa kuwa haikupimwa ilipofika. Kwa upande wa ushahidi alikuwa na haki. Kwa upande wa biashara sikubaliani naye: anayeuza kitu kinachokufa bila kuandika siku kilipozaliwa anamhamishia mnunuzi hatari asiyoijua. Wenye maduka nao walitaka wasilipe chochote, na hilo halikuwa sawa vilevile, kwa sababu baadhi yao walikuwa wameiweka juani wenyewe.

Suluhu ilipatikana kwa kukubali kwamba kinachouzwa ni klorini. Lita ni chombo tu. Kila mwenye duka alileta sampuli kutoka kwenye dumu lililofungwa, si kutoka kwenye chupa za barazani. Tulipima mbele yake. Dumu lililosoma 2 lililipiwa sehemu 2 kati ya 3.5 za bei. Yaliyokwisha kumiminwa na kuuzwa yalilipiwa bei hiyohiyo ya kupunguzwa, kwa kuwa mwenye duka alikuwa ameshapoteza wateja. Chupa zilizokaa juani zikawa hasara ya aliyeziweka. Mwenye ghala alipoteza fedha nyingi siku ile, na karibu wote wakamaliza deni ndani ya wiki chache. Fedha haikuwa imekosekana. Kilichokosekana kilikuwa bei inayokubalika.

Bakaa iliyobaki ghalani tulitofautiana. Yeye alitaka kuiuza kwa madobi na nyumba za wageni kwa bei ya chini, akiwaeleza wachanganye moja kwa tatu. Nilikubali kwa madobi, kwa sababu wao wanapima na wanajua wanachonunua. Kwa maduka nilikataa, na mwisho alikubali. Dumu lililoandikwa 3.5 huku ndani mna 2 likishaingia dukani halina tena anayelisimamia, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ikilikuta haitauliza tulikubaliana nini na dobi. Kituo cha afya kilirudishiwa fedha yote na kupelekewa mzigo mpya uliopimwa.

Anavyonunua sasa

Jiki anaileta kidogo kidogo, pamoja na mzigo wa sabuni, ili nauli igawanyike. Gharama ya kila dumu imepanda, na ameipandisha bei kidogo akieleza sababu. Katika kaskazi anachukua ya kutosha wiki chache tu. Kila dumu linaandikwa kwa kalamu ya wino mzito siku lilipoingia, na lililotangulia kuingia hutangulia kutoka. Linapimwa dumu moja kwa kila mzigo, bandarini Mkoani kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Ghala limewekwa dari ya makuti chini ya bati, jambo ambalo wazee wetu walilijua na sisi tumeliacha kwa kukimbilia usasa. Dawa ya choo imehamishiwa chumba cha nyuma.

Wazo moja alilipima akaliacha, nami naliunga mkono uamuzi wake: kununua haipokloraiti kali ya asilimia 12 kwa pipa na kuizimua hapa Pemba. Kwenye karatasi linavutia, kwa sababu unasafirisha maji machache. Lakini ile kali hufa haraka zaidi ikiwa njiani, maji ya visima vyetu yanaweza kuwa na chuma kinachoiharibu, na bila ya kupima kiwango chake cha alkali, yaani magadi yanayoifanya idumu, mtu anaweza kutengeneza dawa isiyodumu hata mwezi. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mtu wa maabara.

Wazo la pili ni zito zaidi, nalo ni klorini ya unga, yaani kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70. Kilo moja ya asilimia 65 ina klorini gramu 650, sawa na iliyomo katika lita 18 na nusu za jiki ya 3.5. Karibu dumu zima katika kilo moja. Ikifungwa vizuri na kubaki kavu hudumu muda mrefu kuliko ya maji, na kwa kituo cha afya gramu 7 za asilimia 70 katika lita moja ya maji zinatosha kufikia 0.5. Kwa nguo haifai sana, inaacha chokaa. Kwa kuosha sakafu na kwa kutibu visima inafaa mno.

Hatari yake ni moto. Unga huu ukikutana na mafuta, asidi au hata unyevu na takataka unaweza kupata joto na kuwaka, na umewahi kuwasha meli za mizigo duniani. Haupakiwi kimyakimya kati ya mabegi ya abiria. Nahodha lazima aambiwe ni nini na kiko wapi. Watu wa Pemba waliozika jamaa zao baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011, meli iliyopakiwa kupita uwezo wake, wanajua gharama ya mzigo usiosemwa ukweli. Mwenye ghala ameanza kuuleta kwa meli ya mizigo, kwa makopo ya kilo moja yaliyofungwa kiwandani, na anauuza kwa vituo vya afya na skuli peke yake, akiandika jina la kila aliyechukua.

Msambazaji wa Unguja naye ameanza kuandika tarehe ya kutengeneza, lakini kwenye chupa za lita moja tu. Kwenye madumu ya lita 20, ambayo ndiyo yanayokuja Pemba, bado hajakubali. Mwenye ghala amemwambia kwamba kuanzia kaskazi ijayo dumu lisilo na tarehe litarudi na meli iliyolileta, kwa nauli ya aliyelituma.